Barua Niliyoipiga Mhuri

Jumatatu, 4 Machi

Barua tisa kabla ya chai! Mkuu wa shule amesimama mlangoni, koti begani, ana mkutano, anataka kusaini aondoke. Mimi ni karani, si mashine. Nikafanya kama siku zote: nafungua barua ya zamani kwenye kompyuta, nabadilisha jina, nabadilisha tarehe, nachapa. Akasaini zote wima wima, hata miwani hakuvaa. Nikazipiga mhuri.

Moja ni ya Kasuku. Hilo ni jina alilopewa na wenzake, kwa sababu ya mdomo wake. Binti wa yule mama fundi cherehani anayeshona sare zetu nje ya geti. Miaka kumi na sita. Amemwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya darasa zima, kwamba jibu lake ubaoni si sahihi. Akaambiwa akae. Hakukaa – akaenda ubaoni akalifuta mwenyewe! Ni mara ya tatu muhula huu analetwa ofisini kwa kujibizana. Basi, mkuu kaamua aondoke, atafute shule nyingine. (Wenzake wananong'ona kwamba jibu la mwalimu kweli lilikuwa si sahihi.)

Alikuja mwenyewe kuchukua barua. Akapokea bahasha kwa mikono miwili. "Ahsante, mama karani." Sijui alinishukuru kwa lipi.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi alinisimamisha wakati natoka. Amezunguka na binti yake shule tatu, wiki mbili sasa. Kila mkuu anasoma barua, anaikunja, anamrudishia, anasema nafasi zimejaa. "Mwaka huu watoto wamekuwa wengi mno, dada."

Shule ya tatu ina madawati matupu. Najua, karani wa pale ni rafiki yangu. Nilitaka kusema, nikajitia hamnazo, maana nilikuwa na haraka na miguu inaniuma. Nikamwambia asikate tamaa.

Sketi ya Kasuku imetundikwa ukutani nyuma ya cherehani. Mama yake ameifumua upindo, kairefusha kwa ajili ya mwaka huu. Mteja mmoja aliiulizia, akaambiwa haiuzwi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwona Kasuku kwenye vibanda vya simu. Kakalia kreti la soda, bisibisi mkononi, vijana wanne wamemzunguka. Aliponiona akainuka upesi, shikamoo mama. Amekonda. Nikamwuliza habari za shule. "Shule zimejaa, mama," akasema, na akaangalia pembeni.

Kijana mmoja akadakia: huyu ndiye profesa wetu, hakuna simu inayomshinda! Wakacheka. Nami nikacheka. Nikanunua vocha, nikaenda zangu.

Jumatano, 12 Juni

Sijui niandike vipi.

Saa nne asubuhi ameingia askari ofisini. Wamekamata vijana watano. Wanne wanapora simu kituo cha mabasi, wa tano anazifungua nywila ili ziuzike. Wa tano ni Kasuku. Juzi wamemsukuma mama mmoja mjamzito, kavunjika mkono. Kasuku hakuwepo pale, lakini simu ya yule mama imekutwa mapajani mwake, imeshafunguliwa. Namfikiria yule mama. Siwezi kusema hakuna aliyeumia.

Askari anataka faili la shuleni. Nikalitoa. Nakala ya barua ilikuwa juu kabisa, nikaisoma kabla ya kumpa. Barua yangu mwenyewe, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisoma!

"…ameondolewa shuleni kwa kosa la wizi wa vifaa vya maabara."

Ee Mungu wangu. Hiyo ni ya mvulana wa mwaka juzi, aliyeiba mizani. Nilibadilisha jina. Nilibadilisha tarehe. Sababu sikuibadilisha. Mkuu hakusoma. Mimi sikusoma. Wakuu wa shule tatu ndio waliosoma.

Askari akaisoma, akatikisa kichwa: kumbe kaanza zamani. Na mimi nilifanya nini? Nilimpa kalamu asaini kwamba amechukua faili.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia mkuu. Nilifunga mlango kwanza. Nilimwekea barua zote mbili mezani, ya mvulana na ya Kasuku. Zinafanana kila neno, ila jina na tarehe. Akazitazama muda mrefu, safari hii na miwani.

Kisha akaniuliza nina miaka mingapi kabla ya kustaafu. Minne, nikasema. Akasema basi ninyamaze. Saini ni yake, mhuri ni wangu, tukianza kufukua hatutamaliza. Nikamwambia mtoto hakuiba kitu hapa. Unajua alinijibu nini? Kwani hajaiba sasa? Barua imetangulia tu.

Imetangulia! Nilitamani kumrushia chupa ya wino. Badala yake nikasema sawa, mkuu. Saa nane akaja akauchukua mhuri mezani kwangu, akaufungia kabatini kwake. Miaka ishirini na moja sijawahi kunyang'anywa mhuri.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda mahabusu ya watoto. Dakika kumi, mlinzi kasimama karibu anakula karanga. Kasuku amenyolewa. Shingo yake nyembamba sana.

Nikamwuliza kama aliisoma barua. Aliisoma siku ile ile, njiani, kabla hajafika kwao. Nikamwuliza mbona hakurudi kuniuliza. Mbio mbio nilimuuliza, kana kwamba kosa ni lake. Akanitazama kwa mshangao. "Ningerudi kumwambia nani, mama? Nilishafukuzwa kwa kusema mwalimu kakosea. Na ile ilikuwa na mhuri."

Alidhani tumeamua hivyo kwa makusudi. Kwamba tumekaa kikao, watu wazima wote wale, tukaamua yeye ni mwizi.

Mama yake hajui. Kusoma hawezi, alijifunza kazi kwa macho tu. Kasuku alimwambia barua inaeleza habari za kujibizana na mwalimu. Kila shule waliyokataliwa yeye alijua kwa nini, na mama yake anamfariji njiani, labda ijayo itakuwa na nafasi. Shule ya tatu ilipokataa, akamwambia mama hataki tena kusoma. Wakagombana. Siku iliyofuata akaenda vibandani, huko hakuulizwa barua.

Nilimwambia kosa ni langu. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza kama kweli jibu la mwalimu wa hesabu lilikuwa na kosa. Nikasema lilikuwa na kosa. Akaanza kulia. Mlinzi akasema muda umekwisha.

Pale mlangoni akaniita. Akaniomba nisimwambie mama yake. Akijua binti yake alikuwa anajua, na akamwacha atembee jua lote lile bure… Nikaahidi. Kwa nini niliahidi?

Jumatatu, 17 Juni

Afisa ustawi wa jamii amenieleza kesi ya Kasuku kwenye simu. Lingekuwa kosa la kwanza angeweza kurudi kwao, aripoti kila wiki, atafutiwe shule. Lakini faili linaonyesha ana mazoea ya wizi tangu shuleni, hivyo atapendekeza shule ya kurekebisha tabia, miaka mitatu. Nikasema faili lina kosa. Akasema niandike. Nikaandika ukurasa mzima, nikampigia tena. Akauliza una mhuri? Sina. Basi uje mwenyewe useme mbele ya hakimu, akasema.

Sikula. Nimempigia simu mwanangu nikamwambia huenda nikakosa kazi, akasema mama unaumwa?

Jumanne, 18 Juni

Mahakamani, benchi la ukumbini. Naandika hapa tukisubiri kuitwa.

Mkuu amefika. Kanisalimia kama mtu asiyenijua, kakaa benchi la mbele. Kesi yetu ni ya nne, wameshaita ya pili.

Fundi amekuja na gauni la kanisani. Kaniona, kaja mbio, kanikumbatia! Anasema Mungu anibariki, shule nzima ni mimi tu niliyemjali mwanawe. Kakaa karibu yangu, bega kwa bega. Siwezi kumtazama.

Ya tatu imeitwa.

Amefungua mkoba. Ametoa bahasha, ile ile, imechakaa kwenye mikunjo kwa kuonyeshwa watu. Anasema amesikia hakimu ataisoma mbele za watu, na yeye hajawahi kuisikia. Anaona haya kuisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni. Anataka nimsomee sasa, polepole, neno kwa neno, ajue walisema nini juu ya mwanawe.

Nimemwambia asubiri kidogo namalizia kuandika. Anadhani ni kazi ya ofisi. Amesema hapana haraka, dada, andika, na ameinyoosha barua juu ya goti lake, anaishikilia kwa viganja viwili isikunjike, anasubiri