Mtani Aliyezikwa Bila Utani

Mngoni wangu,

Nakuandikia nikiwa katika chumba cha kuvalia, uso nimeshapaka poda, kwa haraka kiasi kwamba mwandiko huu ungeucheka wiki nzima. Watu wanaingia ukumbini. Mkeo, Mama Deo, ameketi mstari wa mbele na kitenge chake cha msiba. Mwanao Deo yuko pembeni yake, hata koti hajavua. Nimewachungulia kwenye pazia mara mbili na sitaki kuchungulia tena.

Unakumbuka nilipokwambia nimeingia chuo kusomea uigizaji? Mama yangu alinuna. Wewe ulicheka hadi ukashika ukuta. "Mhehe anakwenda shule kusomea uongo? Si mnazaliwa nao?" Nikakujibu kwamba nyie Wangoni hamna la kusema, tangu babu zetu wawakimbize hamjasimama. Ulikuwa wa umri wa baba yangu, na shikamoo yangu kwako haikuwahi kutoka bila kejeli. Ndivyo walivyo watani, hata huku ughaibuni, Maryland, ambako hakuna anayejua Mhehe ni nani na Mngoni ni nani.

Lakini ulinionyesha kwamba mtani ana kazi msibani. Bibi yangu alipofariki, pale kwetu Alexandria, ng'ambo tu ya mto, ulijitanda kanga yake, ukakaa kwenye kiti chake, ukaagiza chai kwa sauti yake ileile ya kulalamika kwamba haina tangawizi. Mama, aliyekuwa hali wala hasemi, akacheka, na ndipo akaweza kulia. Baadaye jikoni ukaniambia, "Siku yangu ikifika, ni wewe. Usiniache nizikwe kimya." Nikaitika.

Siku yako imefika mapema mno, Mngoni. Ukumbi wa kanisa pale Oxon Hill ulijaa. Nikavaa kofia yako ya sufi, ile uliyoivaa hata Julai, nikaanza kutembea mwendo wako wa kuburuta mguu tangu ulipoteleza kwenye barafu. Wazee wakaanza kutabasamu. Mama Deo akainua uso. Hapo Deo akanijia, akanivua kofia mbele ya watu wote. "That's not him," alisema. "Stop it. That's not my dad." Eti niache, huyo si baba yake. Hakuna aliyemweleza. Na mimi, niliyefundishwa sauti na pumzi miaka yote hii, nikarudi kitini kwangu. Ukazikwa kimya. Mkeo hajacheka tangu siku ile. Nina hasira na Deo, na wewe pia nina hasira nawe, kwa kulea mtoto mpaka akaota ndevu bila kumwambia mtani ni nani.

Basi tulipoambiwa kwamba kwa mtihani wa mwisho kila mmoja aigize mtu anayemjua, jukwaa tupu, peke yake, nikakuchagua wewe papo hapo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka goti linauma. Mwalimu anasema ni kazi nzuri. Mwalimu hakukujua. Nilimpigia Mama Deo kumwomba ruhusa. Akasema atakuja, ila ataletwa na Deo kwa sababu yeye haendeshi gari. Nikajua nimejitia kitanzi mwenyewe. Deo akiinuka tena leo mbele ya watu, naacha. Nakwambia kweli. Sitakuigiza wewe wala mtu mwingine yeyote.

Ngoja. Mlango unagongwa.

Nimerudi. Alikuwa Deo, na koti lake, ameshika kofia yako. Nilijua amekuja kunizuia, nikasimama tayari kwa ugomvi. Kumbe mama yake amemsimulia njia nzima yale uliyoyafanya kwenye msiba wa bibi yangu. Akatazama chini. Akasema, na wewe hukuwahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna hii: "Ulidrag mguu wa kulia. Baba alikuwa anadrag wa kushoto."

Siku zote mimi nilikuona ukinijia, Mngoni, nikakuiga kama kioo kinavyoiga. Deo alitembea kando yako. Akaivaa kofia, akatoka mlangoni hadi kwenye meza yangu, taratibu, mguu wa kushoto nyuma, mkono kiunoni, anaguna vile ulivyokuwa unaguna ukipanda ngazi. Ulikuwa wewe kabisa. Nikacheka kwa sauti, naye akacheka, halafu akakaa kwenye kiti changu akalia kama mtoto. Sikumgusa. Nilimwacha alie.

Sasa naitwa. Deo amerudi kukaa na mama yake, na kofia ameniachia mezani.

Kwaheri, mkimbiaji wangu. Nakuahidi mguu wa kushoto, na sitoki pale jukwaani mpaka mkeo acheke.

Mtani wako,
Mhehe