Kichwa Ulichokibakiza Sikio Moja

Leo asubuhi tulikuwa tunafungua kamba ya ile nailoni iliyofunika kazi yako ya mwisho, mumeo upande huu, dada yako upande ule, binti yako akiwa ameshika beseni, ndipo ilipotuingia kwamba mwaka mzima umekatika tangu mikono yako iliposimama. Tarehe tulikuwa tunaijua, ndiyo iliyotukusanya. Hata hivyo, tulipojikuta tumeizunguka meza yako na wewe hupo, tulishtuka upya, Mama Matope, kana kwamba tumeambiwa sasa hivi.

Hukuugua. Hukuaga. Mchana ule ulikuwa umesimama hapa hapa, katikati ya somo, unafinyanga kwa udongo kichwa cha mumeo, naye amekaa kwenye kigoda mbele yako, ametulia kama anayenyolewa. Pua ilikuwa yake hasa. Macho yalikuwa yamekaa sawa, na sikio la kulia lilikuwa tayari. Akakuuliza la kushoto liko wapi.

"Hilo halina haraka, baba watoto," ukamjibu, darasa zima likisikia. "Miaka yote tumelala chumba kimoja sijaliona likifanya kazi."

Watu wakaangua kicheko, na yeye pia. Ukainama kuchukua waya wa kukatia udongo. Tulidhani umeinama tu. Ulipokuwa huinuki, sisi tulikuwa bado tunacheka.

Binti yako alikuwa zamu hospitalini. Alipopigiwa simu aliuliza tena na tena, kwa sauti ya kazini, ni mama wa nani.

Hakuna aliyekufundisha kazi hii. Ulijifunza kwa kuvunja. Ulilikuta gereji hili limefungwa, mafuta ya magari yamenata sakafuni, ukapiga deki mpaka saruji ikaonekana, ukapanga meza na ndoo za rangi, ukaacha mlango wazi. Watoto wakaja wakitoka shule. Wakaja mama zao kuwatafuta, wakakaa. Babu Breki, dereva mstaafu wa nyumba ya nyuma, alikuja kulalamikia kelele, ukampa brashi aishike kwanza wakati unamsikiliza. Akawa anachora mabasi, kila siku basi. Hukumwambia achore kitu kingine. Siku moja ulimuuliza tu kwa upole abiria wako wapi. Tangu hapo anachora watu, na hajamaliza.

Kazi ya mtu hukuigusa. Chungu cha mwanafunzi kikibomoka, mkubwa au mdogo, ulichuchumaa kando yake ukamuuliza, "Umebaki na nini?" Naye ilimbidi ajibu mwenyewe, "Udongo." Ukasema, "Basi," ukaenda zako.

Na ulikuwa na sheria yako, kwamba hakuna anayemaliza kazi siku hiyo hiyo. Kila mtu abakize kidogo, afunike kwa kitambaa cha maji na nailoni, ili kesho awe na pa kurudia. Tulikuona msumbufu. Lakini kuna watu mtaani hapa ambao, wakati mambo yamewazidi, waliinuka kitandani kwa sababu tu walikuwa wameacha kikombe hakijabandikwa mkono.

Mchana ule, wakati wengine wanakubeba kukutoa nje, kuna aliyekumbuka kukifunika kile kichwa. Mpaka leo hatujui ni nani. Baada ya mazishi mumeo alitukataza kukikausha. Udongo ukishakauka, alisema, sikio halishiki tena. Alilisema hilo kama mtu anayemngoja mwenye kazi arudi kutoka dukani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kutengeneza mabomba ya watu, alipita hapa na chupa ya maji, akaingiza mkono chini ya nailoni, akanyunyiza huku amegeuzia uso ukutani.

Juzi binti yako alimwomba baba yake tukikaushe sasa, tukichome, kiingie nyumbani. Naye akakubali, mradi akione kwanza.

Leo tulipoondoa kitambaa hakukuwa na uso. Pua ilikuwa imeshukia mdomoni. Macho yalikuwa yamezibika, na sikio la kulia limeteleza mpaka shingoni. Maji yalikuwa yametuama kwenye ubao. Tulisimama tukikodoa macho kama siku ile, hakuna aliyesogea.

"Alama za vidole vyake zilikuwa hapa," mumeo akasema. "Nimezifuta mwenyewe."

Ndipo dada yako, akiutazama uzi uliokuwa umeng'ang'ania gauni lake, akasema kwamba hata yeye, akitoka kwenye cherehani mchana, alikuwa anapita na maji. Binti yako akaliweka beseni chini. Naye alikuwa anapita, akitoka zamu. Mlangoni mtu akakohoa.

"Na mimi jioni, fundi," akasema Babu Breki. "Nilidhani ninyi mmekisahau."

Kila mmoja na chupa yake, kwa siri, na hakuna aliyethubutu kufunua atazame.

"Shemeji," dada yako akasema, "mabomba ya watu unayaziba, kwako mafuriko."

Tukacheka, halafu tukashtuka kwa kujisikia tukicheka ndani ya chumba hiki. Mumeo alifuta macho kwa mkono wa shati. Dada yako akachuchumaa kando ya kigoda chake, akamuuliza swali lako. Mumeo akaugusa kwa kidole ule uso ulioporomoka.

"Udongo," akasema.

"Basi."

Mumeo, yule yule aliyekuwa akisema matope anayaona ya kutosha kazini, akakaa kwenye kiti chako. Hakujifinyanga yeye. Aliuviringa udongo wote, akaupigapiga, akatuambia anataka kukufanya wewe, ataanza na sikio. Kidole kikagota. Uso wake ukabadilika tukauogopa. Alikuwa hakumbuki sikio lako lilivyo. Miaka yote ile, na halikumbuki.

Binti yako akavuta kigoda akakaa mbele yake, akakusanya nywele zake nyuma.

"Ninalo mimi, baba," akasema. "Tazama."

Akatazama. Alifinyanga polepole mpaka mwanga wa dirishani ukahamia ukuta wa pili, na sikio moja likatokea, dogo, ncha yake imekunjwa kama lako. Alitaka kuendelea na la pili. Dada yako akamshika mkono. Tumelifunika kwa kitambaa na nailoni, na safari hii maji yana mtu mmoja tu, Babu Breki, naye ameapa atakuwa anafunua na kutazama.

Bado tunashtuka, mpendwa wetu. Bado tunakuwekea kikombe mezani tukakiondoa kimya kimya.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba. Dada yako, mshonaji. Binti yako, muuguzi, ambaye sasa anafunga nywele nyuma. Pamoja na Babu Breki na darasa lote la gereji. Hakuna siku utakayotutoka moyoni.

Sikio la pili ni kesho asubuhi.