Kikapu Chako Kimefika Mlangoni

Dada Chelang'at,

Mwalimu wetu wa darasa la sita, kabla hajachoka na mimi, alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hivyo nitaendelea na yangu. Nguvu ni zile zile. Juzi nimebeba magunia mawili ya majani ya chai kwa mgongo huu mmoja kutoka mtoni mpaka juu, na njiani nikaipita pikipiki. Ilikuwa imenasa kwa matope, lakini nilipita.

Nakuandikia kwa sababu binti yako Chebet anasimulia habari hizi vibaya kila mahali, na wewe unastahili kuzisikia kwa mtu aliyekuwepo.

Tuna daktari. Si wa kutafutwa Sotik na kurudi umepewa barua ya kwenda Kericho. Ni muuguzi, anaitwa Sista Kwamboka, amesoma mpaka anaandika dawa mwenyewe. Maboma yetu yote ya huku juu yako kwa kitabu chake. Anajua nani ana sukari, nani ana mimba na nani anamdanganya. Anakaa pale pale kwenye kibanda chetu cha kupimia majani, Jumanne na Alhamisi, kuanzia asubuhi mpaka lori ya majani ikaribie.

Aliyemleta ni mimi. Nilisimama kwa baraza ya chifu nikaongea mpaka ng'ombe wa jirani wakaacha kutafuna.

Sawa, aliyeongea ni Chebet. Alisimama akasema mama yake alishuka dispensari mara tatu, na mara tatu akaambiwa watu wa leo wametosha, arudi kesho. Mara ya nne hakushuka. Akasema kibanda cha majani kina paa, kina benchi, kina mizani, na asubuhi nzima kinakaa bure. Halafu akakaa chini. Lakini mimi ndiye niliyekohoa kabla hajaanza, ndio watu wakanyamaza, na bila kunyamaza nani angemsikia? Kwa hivyo ni mimi.

Sasa hiyo Jumanne ya kwanza. Unajua mazoea yetu: kwenye foleni ya majani mtu hasimami laini, kikapu ndicho husimama, mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Basi Sista akafika akakuta vikapu vimepangwa kutoka mlangoni mpaka barabarani, na mtu hakuna. Akamuuliza karani wa mizani wagonjwa wako wapi. Karani akamwonyesha vikapu. Sista akainama akachungulia ndani ya kile cha kwanza, nafikiri alidhani ameletewa mtoto. Kilikuwa na sukuma wiki.

Kumbe hata kwao, upande ule wa Kisii, wanalima chai, na vikapu anavijua. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Kikapu kitasimama laini, lakini sindano sitadunga kikapu." Tukakubaliana naye hivi: kikapu kinashika nafasi, mwenyewe anaendelea kuchuma hapo karibu, na zamu yake ikikaribia anaitwa kwa sauti juu ya majani. Wale akina mama wazee wa magoti mabaya hawasimami tena kwa jua siku nzima.

Basi ikatakiwa sauti. Unajua ilikuwa ya nani. Mimi sasa ni Mwenyekiti wa Vikapu, dada, na sauti yangu inafika Fort Ternan. Kuna mzee alipanda kutoka huko akisema amesikia anaitwa, na Sista akampima.

Sheria ni yangu mwenyewe: naita mara tatu, mwenye kikapu asipotokea, kikapu kinaenda nyuma. Sikupendelea mtu. Nilirudisha nyuma kikapu cha mke wa pasta. Nilirudisha cha mke wangu, nikala ugali baridi siku mbili. Hata watoto wanaopimwa ndani ya shuka kwa ile mizani ya majani, karani anawatolea uzito wa shuka vile anavyotoa wa gunia, na mimi nasimama hapo kuhakikisha hakuna mtoto anayeonewa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kile kichwa chako cha kuuma, cha kukamata nyuma ya shingo ukiamka, kilikuwa kimeanza kunitembelea mimi. Kwanza siku moja moja, halafu kikazoea nyumba. Chebet aliniona nikishikilia ukuta. Nikamwambia ni akili inaongezeka. Akasema niende kwa Sista. Nikamuuliza, mwenyekiti akilala kwa benchi, nani ataita watu? Akaniangalia kwa hayo macho yako.

"Mjomba, hata mama alikuwa na kazi nyingi."

Nikakasirika nikaenda kutafuta kazi ya kufanya.

Alhamisi iliyofuata niko mlangoni naita. Laini ikasonga, kikafika kikapu kimoja chenye kitambaa chekundu kwenye kamba ya begani. Dada, ile kamba ulifunga wewe. Tangu tukuzike kikapu hicho kilikuwa kwa msumari jikoni kwa Chebet. Nikaita mwenye kikapu mara ya kwanza. Nikaita ya pili. Chebet mwenyewe alikuwa mistari miwili tu kutoka kwangu, anachuma majani mawili na kichipukizi kama mtu aliyezaliwa bila masikio.

Ikabaki ya tatu. Watu wote wananiangalia. Mke wa pasta ndiye aliyekuwa ananiangalia zaidi.

Nikaita. Hakuna.

Nikakiinua nikipeleke nyuma, na kilikuwa chepesi, hakina kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba kikapu hiki kilishuka dispensari mgongoni kwako mara tatu, na mara tatu kikapanda tena na wewe ndani ya hayo maumivu, na mimi nilikuwa nakuona ukipita nikakuuliza umepika nini. Sikukusindikiza hata siku moja. Na sasa mimi ndiye nikirudishe mara ya nne?

Nikasema, "Mwenyewe yuko." Nikaingia nacho.

Ile mashine ya kupima presha ilinikamata mkono kama chifu wakati wa kura. Sasa, mimi kwa sababu ya kusimama mlangoni najua namba za watu: huyu mia na kumi, huyu mia na ishirini, mke wa pasta mia na thelathini, na anaringa. Yangu ikatoka mia moja tisini na nane. Nilisimama nikampa karani mkono kama mshindi. Nikachungulia nje nikawatangazia namba yangu, waambiane. Hakuna aliyepiga makofi.

Sista akaniambia nikae. Akavuta kiti karibu, akaniuliza polepole, "Nani mwingine kwenu alikuwa na hii?"

Nikamwonyesha kikapu kwa kidevu. Akaelewa, akaandika.

Sasa nameza tembe kila asubuhi. Chumvi nimekatazwa, na mke wangu amelifurahia jambo hilo kuliko inavyotakiwa. Alhamisi moja nilijificha, na Sista akatoka nje akaniita mwenyewe juu ya majani, jina langu lote na la baba. Sauti yake haifiki Fort Ternan, lakini kijiji kizima kilisikia. Wiki jana nilikuwa mia moja hamsini. Ni mara ya kwanza nimeshuka kwa kitu chochote nikafurahi.

Chebet hajakubali kwamba alifanya makusudi. Anasema kikapu kilijipeleka.

Nimebadilisha ile sheria. Kikapu kikiitwa mara tatu na mwenyewe hayuko, hakiendi nyuma tena. Kinangoja hapo hapo, na mimi naenda mpaka nyumbani kwake kuangalia kwa nini hakuja. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nyingine ni kumeza tembe, hata siku ambazo kichwa kimenyamaza.

Huko uliko nitakuja, lakini usinipikie leo wala kesho. Kikapu chako nimekirudisha kwa msumari wake. Kinapumzika, na wewe pumzika, dada. Laini imesonga.

Ndugu yako,
Kipng'eno
Mwenyekiti wa Vikapu