Jina Langu Katika Bustani ya Machimbo

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, 14 Septemba 2014

Yaya Fortunée, dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu uliokusumbua wakati wa mvua umepona. Sisi hapa hatujambo. Joto limeanza, unga wa mgao umepunguzwa tena, na mke wangu Vénérande anashona sare za shule kuanzia asubuhi. Anakusalimu sana.

Jana nilikwenda Lilongwe bila kibali cha kutoka kambini. Nimechoka kukiomba. Karibu na Likuni, machimbo ya mawe yaliyofungwa miaka mitano iliyopita yamegeuzwa bustani ya mimea, nami nilitaka kuiandika katika gazeti letu la kambini. Ni mahali pazuri, siwezi kukudanganya. Kuta za mwamba zina urefu wa ghorofa nne. Chini wamepanda mishubiri na migomba ya porini, na pale iliposimama mashine ya kusaga mawe sasa kuna bwawa.

Mlangoni wameweka bamba la shaba lenye majina ya wafanyakazi watatu waliofia machimboni. La tatu ni Cyrille Mugaruka, 2006.

Nilimwita msimamizi, Bwana Robert, nikamwonyesha kitambulisho changu. Alicheka, akasema basi mimi ni mzuka wa kwanza kulipa kiingilio. Nilipomwambia aliondoe jina langu na kuandika la aliyekufa kweli, aliacha kucheka. Kwa upole, na zikomo nyingi, yaani samahani ya watu wa hapa, alinishauri niende zangu: nikikiri kwamba mtu mwingine alitumia kibali changu cha kazi, itabidi aiandikie serikali, na mimi nitashtakiwa. Nikamwomba karatasi na kalamu.

Niliporudi, Vénérande aliniuliza kama hiyo shaba njo chakula batoto batakula kesho.

Yaya, keti kwanza. Mwaka ule wa 2006 nilikuandikia kwamba mume wako Ambroise ameondoka kwenda Afrika Kusini, na kwamba atakuita. Hakwenda. Tulikuwa na kibali kimoja cha kufanya kazi nje, karatasi isiyo na picha, yenye jina langu. Tulipokezana, wiki yangu, wiki yake, kama walivyofanya wengi hapa. Mwamba uliporomoka katika wiki yake. Walikuta karatasi mfukoni mwake, wakamzika Likuni kwa jina langu bila kuiarifu kambi. Nilinyamaza kwa kuogopa kambi, halafu kwa kukuogopa wewe. Nimeandika vifo vya watu wengi, hicho nilikificha.

Jana niliandika yote, kurasa mbili, nikatia sahihi. Kesho nitakwenda mwenyewe ofisi ya kambi na nakala yake, kabla hawajaniita. Wakinifunga, watamfunga Cyrille Mugaruka, na Ambroise Cirhuza ataandikwa kwenye kaburi lake.

Usimngoje tena, yaya. Kaa kilio, ita majirani, watoto waambiwe ukweli. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa, lakini nitaendelea kukuandikia.

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako,
Cyrille Mugaruka