Kifungo cha Munane

Butembo, 4 mwezi wa tano 2024

Mudogo yangu Éliakim,

Jambo sana. Bibi yako na batoto bako muzuri kule Beni, Mulekera? Hapa tuko, mugongo tu unaniuma, mais mwanaume hapana kulia.

Usitafute caisse ya bifungo, ile ya kupandisha na kushusha sauti. Iko kwangu. Nilitoka nayo Beni mu gari ya dereva Juma, chini ya koti. Siku ya kurekodi mulisema mimi nafunika sauti ya dada yetu Kavira, yeye akalia, na wewe ukashusha kifungo cha munane, sauti yangu, mbele ya choir muzima. Nani alifundisha ile machine? Wewe ulikuwa unagusa sauti moja ku écran, mimi nasukuma kifungo chake, machine inashika: cha kwanza gitare, cha pili Kavira, mupaka cha munane, mimi. Donc nyimbo zote za jubilé ya kanisa ziko mukononi yangu. Nitazicheza mwenyewe, sauti yangu juu.

Jambo moja tu: nimeichomeka ku baffle, ile spika ya kanisa, inanyamaza. Niandikie dawa yake.

Yaya yako, Maliro

Beni, 13 mwezi wa tano

Yaya Maliro,

Nakusalimia na heshima. Mugongo, upakae mafuta ya moto. Kavira anakusalimia, hata kama haukumuuliza.

Yaya, mu caisse hamuna wimbo hata moja. Ulibeba usukani, gari ilibaki Beni. Nyimbo ziko mu ordinateur. Nimeazima caisse ya choir ya vijana, nikafundisha machine upya. Hii iko na bifungo ine tu: gitare, ngoma, Kavira, banaume bengine. Wewe haukupata kifungo. Sauti yako haijafutwa, imelala chini kabisa. Naweza kuiinua na souris ya ordinateur, mais sitaiinua peke yangu. Kuja, umuambie Kavira pardon, tuipandishe pamoja mupaka kimo ya bengine. Mbele jubilé ifike.

Mudogo yako, Éliakim

Butembo, 20 mwezi wa tano

Éliakim,

Salamu ya mukubwa kwa mudogo. Mugongo umepona bila mafuta yako.

Usukani! Tangu lini mudogo anaonyesha mukubwa njia? Niombe pardon kwa mutoto niliyemubeba mugongoni? Jamais. Mimi njo nguzo ya ule wimbo. Utakuja mwenyewe na ordinateur kichwani. Nimeshaambia kanisa: mukisikia sauti nzito, njo Maliro.

Mukubwa yako

Butembo, 3 mwezi wa sita

Mudogo yangu,

Mumeamuka? Batoto? Kavira?

Jana, siku ya jubilé, nilikaa ku banc ya mbele ya kanisa, na koti yangu ya ndoa. Wimbo wako ulifika mu téléphone ya pasteur, bakaucheza. Kavira aliimba, batu bakalia. Nikangojea refrain. Sadrack, diacre ya kanisa yetu, akainama sikioni yangu: "Maliro, wewe uko wapi mu ule wimbo?"

Nikamujibu mafundi ya Beni hawajue kazi.

Mais nguzo haikuwa mule, na wimbo haukuanguka.

Usikuje kuchukua caisse. Iko ku meza yangu. Bifungo bingine bishuke kama binataka. Cha munane nimekifunga na scotch ya kubandika, juu kabisa.

Yaya yako