Nimemfuta Komal Akiwa Likizo ya Uzazi

Mpendwa Shangazi Peres, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo Komal wa mauzo anarudi kazini na mimi nimemfuta.

Mimi ni karani wa stoo katika kampuni ya vigae huku Westlands, na kwa kuwa naandika shajara kila siku kwa tarehe, bosi wetu Bwana Vasant aliniona wa kuaminika akanipa kazi ya kusafisha kompyuta zetu tano, ambazo zimeunganishwa na kompyuta kuu moja ili mtu akae popote na kuingia kwa jina lake, lakini kila anayeingia huacha kwenye mashine aliyoikalia akaunti yenye mafaili na picha zake, na kompyuta ya mezani kwa Komal ilikuwa na akaunti za watu thelathini na mmoja, akiwemo Lenox aliyehamia Qatar, ikawa nzito hata ukiiwasha unamaliza chai kabla haijaamka. Nikajitungia kanuni: asiyeingia kwa siku tisini, aende. Tarehe 6 nikafuta ishirini na wanane, nikaandika "kazi safi", Bwana Vasant akaninunulia samosa, na ni tarehe 9 ndipo nilipokumbuka kwamba likizo ya uzazi ni miezi mitatu, na Komal alikuwa ameongezea wiki moja.

Ndani ya akaunti yake alikuwa na faili la miaka sita la wateja wote, nani anapenda kupigiwa asubuhi, nani amefiwa, nani hataki kabisa kuonyeshwa vigae vya kijani, na hilo ndilo linalomfanya Komal awe Komal. Jana alinipigia akicheka: "Musembi, usiwache mtu akalie kiti yangu, sawa?" Nikamjibu hakuna aliyekikalia, na Shangazi, hiyo ni kweli. Nimewaza kusema ni stima iliyopotea. Nifanyeje?

Musembi, Kangemi

Musembi, pole kidogo, lawama nyingi. Kanuni yako ilihesabu siku lakini haikuuliza mtu yuko wapi. Ungepaza sauti tu ofisini, "Huyu bado yuko?", ungejibiwa kabla ya kubonyeza. Sasa unataka kusingizia stima, wewe uliyeandika tarehe na "kazi safi" kwa mkono wako.

Leo hii zima kompyuta ya Komal na asiiguse mtu, kwa sababu kilichofutwa huweza kurudishwa kama hakijawekewa kingine juu yake. Mwambie Bwana Vasant kabla hajakununulia samosa nyingine, na amwite fundi aangalie pia kama kompyuta kuu ilibaki na nakala. Jumamosi nenda nyumbani kwa Komal. Usimtumie ujumbe. Mwambie mlangoni, kabla hujapewa mtoto, maana ukishambeba hutasema tena.

Uende na shajara. Faili lisipopatikana, mtaliandika upya saa za chakula cha mchana, yeye akikumbuka, wewe ukiandika, hata likichukua mwezi mzima. Anzeni na yule wa vigae vya kijani. Huyo tayari unamjua.