Wimbo wa Bwana Pavy

Combe Hatch, Somerset
Wiki ya kunyoa kondoo

Kaka yangu mpenzi Ambrose,

Pokea salamu za mdogo wako Honor. Natumaini huko London barua hii itakukuta mzima, umeshiba na una shati kavu mgongoni. Sisi hatujambo. Digory mume wangu anafuma mchana kutwa, na mwanangu Wilmot anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima hatulali. Ukiona mwandiko umepinda, ujue yuko mapajani ananivuta kalamu.

Mama yupo, ila macho yanamwishia. Bawaba ya lango letu inalia kama nguruwe aliyebanwa, na Digory alipotaka kuipaka mafuta, Mama alimnyang'anya kibakuli. Alisema kila mtu ana namna yake ya kusukuma lango, na Ambrose wake husukuma kwa goti. Sasa wakililainisha, yeye asiyeona atamjuaje? Basi lango linalia, na kila likilia Mama anainua kichwa, anasikiliza, kisha anakiinamisha tena. Hilo linanichosha, kaka, kuliko mtoto.

Wewe ulitoroka, wimbo wako haukutoroka. Ile karatasi ya kumkejeli uliyoibandika kwenye nguzo ya soko, Bwana Pavy mwuza vitambaa aliichana asubuhi ileile, lakini nusu ya mji walikuwa wameshaushika, na wasiojua kusoma ndio walioushika vizuri zaidi. Unaimbwa kilabuni, unaimbwa kwenye kunyoa kondoo. Yeye akitokea tu, kimya, kila mtu anachunguza dari. Sheria unaijua: aliyetunga, aliyeandika, aliyeimba, hata aliyesikia akacheka, kosa lao ni moja. Tangu yule mchinjaji wa ng'ambo ya mto akatwe sikio kwa wimbo wa namna hiyo, watu wamejifunza kuimba kwa pua.

Kuna msiba sikukuandikia. Bi Avisa, mke wa Bwana Pavy, alifariki kwa homa kabla ya Kwaresima. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulimtia kwenye wimbo. Mama alikwenda kukaa na wafiwa, akarudi akisema ameambiwa mume alikuwa ameshika ile futi yake ya kupimia nguo, ameiweka magotini, hapimi kitu.

Basi juzi lango likalia. Mama akainua kichwa. Nikatoka na Wilmot kiunoni, nikamkuta Bwana Pavy mwenyewe, amevua kofia. Akasema amekuja nimwimbie wimbo wa kaka yangu, wote. Katika mji mzima ni yeye tu ambaye hajausikia. Karatasi aliichana baada ya ubeti wa kwanza, na watu humnyamazia. Tena ameambiwa kwamba mke wake yumo.

Nikaona huo ni mtego. Nifungue mdomo, aende kwa hakimu, halafu huyu mtoto atanyonyeshwa na nani? Mama alisema kutoka ndani kwamba nyumba hii haijui wimbo wowote isipokuwa zaburi. Bwana Pavy akamuuliza kama zaburi yenyewe ndiyo ile aliyokuwa akisukia siagi wiki iliyopita, maana yeye alikuwa anapita nyuma ya ua. 

Hapo nikamwambia kwa adabu, lakini sikumpa nafasi ya kubisha, kwamba aanze yeye. Ubeti wa kwanza anaujua. Akishauimba, kosa litakuwa letu sote wawili, na akinipeleka mbele ya hakimu tutakwenda tumeongozana. Alinitazama sana. Kisha akaweka mikono nyuma, kama mtoto mbele ya kasisi, akaimba:

*Bwana Pavy tumbo lake, lafika kwanza sokoni,*
*Ndipo ije pua yake, nyekundu, kaa jikoni,*
*Mwenyewe na futi yake, huja jua utosini,*
*Tumejua siri yake, hupunja hata nyumbani.*

Kaka, sauti yake ni mbaya kuliko bawaba. Alipomaliza alisema kupunja ni uongo mtupu, na yuko tayari kuapa. Ila kuhusu tumbo hana kesi. Mama akaangua kicheko huko ndani, kwa hiyo naye akaingia kosani, tukawa watatu.

Ikawa zamu yangu. Niliimba polepole, maana Wilmot alikuwa anasinzia:

*Avisa anapocheka, mabata huitikia,*
*Pekupeku akiruka, sakafu humlilia,*
*Mumewe akimsaka, kicheko humwonyeshia,*

Akainua mkono nisiendelee. Akakaa kwenye jiwe la kufulia, kofia imefunika uso. Nilidhani nimeharibu. Kisha akasema kwamba siku ya mazishi kasisi alimsifu marehemu kuwa mwanamke mpole, mtulivu, na yeye alisimama pale anajiuliza wanamzika nani. Mkewe alikuwa na kelele. Sasa kila akirudi nyumbani anasimama mlangoni, hajui aanzie chumba gani. Akasema katika mji huu wote aliyekihifadhi kicheko chake ni mhuni mmoja tu, tena kwa matusi.

Mama alitoka akipapasa ukuta, akampa kikombe cha pombe ya tufaha. Wakakaa pamoja.

Sasa sikiliza, Ambrose. Jana Bwana Pavy alikwenda kwa hakimu akafuta mashtaka yake yote. Digory alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Hakuna anayekuwinda tena, na masikio yako ni yako. Sharti ameweka moja: mstari ule wa nne hataki kuusikia kwangu. Anautaka kwako, nyumbani kwake, na uuimbe kwa sauti.

Mama bado sijamwambia. Naogopa nikimwambia nawe usije, atakuwa anainua kichwa hata kwa upepo. Kwa hiyo njoo na huyuhuyu mchukuzi wa mizigo atakayekuletea barua hii, akirudi. Na usiniletee wimbo kuhusu pua ya hakimu. Nina mtoto, sina nguvu za wimbo mwingine.

Digory anakusalimu, na Wilmot amekuachia doa la wino hapo pembeni. Mungu akulinde njiani. Bawaba hatujaigusa. Ukifika, usiite mtu. Sukuma tu kwa goti.

Ni mimi mdogo wako,
Honor